Kitabu cha Saa Kumi

Kitu cha kwanza alichofundishwa Fabiola hapa duniani, kabla hajajua kusema mama, kabla hajajua kuomba maji, kilikuwa ni kunyamaza. "Shiii! Papa amelala." Aliamka na neno hilo, akanyonya nalo, akajifunza kutembea nalo, kwa ncha za vidole. Kila siku ya Mungu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, ndani ya nyumba ile ya mbao yenye vyumba viwili, pale Cimpunda juu, mjini Bukavu, kulikuwa na pazia limefungwa, na nyuma ya pazia kulikuwa na papa, baba yake. Mtoto akicheka kwa nguvu alifinywa. Sufuria ikianguka, nyumba nzima ilishika kichwa. Sasa wewe mkuze mtoto namna hiyo miaka mitatu na nusu, halafu umwambie kwamba yule aliye nyuma ya pazia ndiye anayempenda kuliko watu wote. Atakuamini kwa lipi?

Mwenyewe wa nyuma ya pazia aliitwa Télesphore, na simlaumu, maana maisha yake nayajua. Alizaliwa Kabare, kwa Maman Adélaïde, na katika watoto wa mama huyo ndiye peke yake aliyebaki hai. Shule aliiachia mwaka wa nne wa sekondari, baba yake alipokufa. Akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, wanavyokwenda vijana wote wanaofikiri dhahabu inawasubiri wao tu. Miaka miwili baadaye akatoka huko na kikohozi na buti ya mguu mmoja. Akashuka bonde la Ruzizi, akapakia magunia ya mpunga kwenye malori pale Luvungi na Sange, na Sange ndiko alikompata Noëlla, msichana wa maneno mengi na mkono mzuri wa biashara. Wakahamia Bukavu, wakamzaa Josué. Halafu, wiki ileile Noëlla alipojifungua Fabiola, Télesphore akapata kazi ya usentineli, kulinda lango la nyumba ya wazungu fulani kule Nguba, kando ya ziwa, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Majirani wakaja kumpongeza mara mbili kwa siku moja, kwa mtoto na kwa kazi. Akacheka na kila mtu, maskini, hakujua kwamba kimoja kitakula kingine.

Walinzi wa lango lile walikuwa wawili tu: Patrice mchana, Télesphore usiku. Jumapili haipo, Noeli haipo, mmoja akiugua mwenzake anaunganisha. Kutoka Cimpunda mpaka Nguba kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, na mvua ikinyesha udongo wetu unautaka mguu pamoja na kiatu chake. Kwa hiyo saa kumi na nusu ya alasiri ni lazima awe njiani. Anarudi kumekucha, anakula bugali baridi, anaanguka kitandani. Noëlla naye saa tisa anashuka na beseni lake la sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwenda kuuza sokoni hadi giza liingie. Tangu Fabiola azaliwe, Télesphore hakuwahi kulala usiku mmoja chini ya manjanja, yale mabati ya paa la nyumba yake. Hata mmoja, nakuambia.

Na usingizi wa mchana si usingizi, asikudanganye mtu. Seremala wa chini anapiga misumari, redio ya jirani inaimba, wanafunzi wanapita saa sita wakigombana, na jua linachoma zile manjanja mpaka godoro linatoa jasho. Télesphore aliamka kila siku macho mekundu, shingo ngumu, mdomo mchungu. Kuna uchovu wa mtu aliyebeba gunia. Huo unalala nao, unaisha. Wake ulikuwa umehamia mwilini na virago vyake vyote. Alichoka akitembea, akachoka akicheka, akachoka hata akiwa amekaa anatazama watoto wake wakila.

Lakini uchovu aliuzoea. Alichoshindwa kukizoea ni Fabiola. Akimkaribia, mtoto alirudi nyuma mpaka kisigino kigonge ukuta. Akimbeba, mtoto alikakamaa, hakulia, alingoja tu awekwe chini, kisha akakimbilia kwenye kikwembe, kitenge cha koko yake Maman Adélaïde, bibi aliyeishi nao, akajificha humo. Mgeni akiuliza, "Papa yako iko wapi?", alinyoosha kidole kwenye pazia, hata siku ambayo Télesphore amesimama mbele yake mzima mzima, ananyoa ndevu.

"Maman," Télesphore alimwambia mama yake siku moja, akifunga kamba za viatu, "mi nataka kitu moja tu mu hii maisha. Akuye kwangu ye mwenyewe. Bila mi kumuita, bila kumupa bombo ya sukari."

"Atakuya saa ngapi?" Maman Adélaïde akamjibu, hakuacha kuchambua maharagwe yake. "Weye iko popo, mutoto wangu. Ulisha ona popo inalea?"

Mama huyo hakuwa mbaya, alikuwa na ulimi tu. Télesphore akacheka kidogo, akachukua koti lake, akaenda.

Sasa kitabu. Wazungu wa Nguba waliondoka mwezi wa tisa, wakaja wengine, na wale walioondoka wakaacha katoni ya vitu wasivyovitaka: kofia, nyaya, soksi, na kitabu kimoja cha watoto ambacho jalada limenyofoka. Patrice akachukua nyaya. Télesphore akachukua kitabu, akakiweka ndani ya shati kwa sababu ya manyunyu, akapanda nacho nyumbani. Kilikuwa kitabu cha picha tupu. Kurasa kumi na mbili, na maneno hakuna, ila neno moja dogo ukurasa wa mwisho, ambalo Josué, mwenye miaka saba na fahari yote ya mwaka wa pili wa primeri, alilisoma herufi kwa herufi na halikufanana na Kifaransa wala na lugha yoyote ya watu tunaowajua.

Picha zenyewe zilikuwa za usiku. Nyumba kubwa, vyumba vingi, na mtu mmoja wa vazi refu linaloshuka hadi visigino, ameshika taa, anapita chumba kwa chumba. Kila mlango anaofungua kuna aliyelala: mtoto wa kiume peke yake kwenye kitanda kipana, mzee na miwani yake puani, mbwa, kitoto kichanga, wasichana wawili. Kila anapotoka, chumba kinabaki giza. Nje ya madirisha, juu ya mapaa na miti, kila kitu cheupe. Mwisho yule mtu anakaa kwenye ngazi, taa imezimwa, anatazama mlango. Ndivyo kinavyokwisha. Ni kitabu cha kulaza watoto, hilo hata asiyesoma alilijua.

Télesphore akapata wazo. Kati ya saa kumi na saa kumi na nusu, kabla hajavaa koti, alikuwa na nusu saa yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweka Josué ubavuni, akafungua ukurasa wa kwanza, akakohoa kusafisha koo. "Basi, kulikuwa nyumba moja kubwa..."

"Weee!" Maman Adélaïde alipiga kelele kutoka uani. "Télesphore! Ulisha rukwa na akili? Jua ingali yulu!"

Hapo nieleze. Kwa Maman Adélaïde, hadithi ni kitu cha usiku. Mugani hausemwi jua likiwa juu, basi, hakuna mjadala. Kwao Kabare, mama yake hakusimulia mchana, wala mama wa mama yake, na aliyethubutu alikuwa anaita njaa na maziwa kukauka. Yeye mwenyewe kila usiku aliwasimulia wajukuu sungura na fisi mpaka walale, lakini mchana ungemtolea hata jino asingefungua kinywa. Na mjini hapa, ambako watu wameacha mambo mengi, yeye hilo hakuliacha.

"Maman, haiko mugani. Ni kitabu."

"Iko na maneno?"

"Haina."

"Basi maneno itatoka wapi? Itatoka mu kinywa yako. Na ikitoka mu kinywa, iko mugani. Ngoja giza."

"Giza inanikutaka Nguba, maman."

"Basi nyamaza."

Mtu mwingine angegombana. Télesphore hakuwa na nguvu za kugombana. Nguvu zake zilikuwa za kutembea mpaka Nguba na kusimama. Akanyamaza. Akafunua ukurasa wa pili kimya, akamwonyesha Josué kwa kidole, na Josué naye akamwonyesha kitu kingine kwa kidole, na hivyo ndivyo walivyokisoma kitabu kile siku hiyo, kesho yake, na siku zote zilizofuata. Saa kumi ikifika, papa na mtoto wanakaa kitandani, hakuna anayetoa sauti. Noëlla alipowakuta hivyo mara moja alicheka mpaka akaweka beseni chini. "Mama yangu! Wanasoma kama bubu wawili kanisani."

Lakini usifikiri kimya kile kilikuwa kitupu. Kila ukurasa ulipata desturi yake. Penye ule weupe wa nje, Josué alilamba kidole, kwa sababu kwake ule ulikuwa unga wa muhogo, mtu ameanika unga mpaka juu ya paa, na alimwonea wivu mwenye nyumba. Penye mbwa walikunja pua. Na penye yule mtoto wa kitanda kipana walishika tama wote wawili, kama watu wa matangani.

Hilo lilitoka kwa Maman Adélaïde. Siku ya kwanza alipita, akachungulia begani kwao, akashtuka. "Huyu mutoto analala peke yake? Kitanda yote hii?" Ndani ya nyumba ile kitanda cha koko kililalwa na watatu, na Noëlla akichelewa kupata usingizi, wanne. Mtoto wa miaka mitano kufungiwa chumba chake, giza, bila mguu wa mtu yeyote wa kugusana nao? Mzungu au si mzungu, mama yule aliona jambo moja tu. "Yooo! Mama yake alikufa. Na papa yake pia. Angalia, hakuna hata mutu wa kulala naye." Télesphore, aliyefanya kazi kwa wazungu, alijua kwamba kwao ndivyo watoto wanavyolala. Angeweza kusema. Lakini ilikuwa saa kumi na jua, hakuna kusema. Akashika tama na wenzake. Toka siku hiyo yule mtoto akawa yatima wa nyumba.

Na Fabiola? Fabiola wiki ya kwanza alitazama kutoka mlangoni, nusu ya uso ndani ya kikwembe cha koko. Mtu yule wa pazia alikuwa ameamka, hapigi kelele, hambebi mtu, hamwiti mtu, anafunua makaratasi. Wiki ya pili alifika kwenye mguu wa kitanda. Télesphore alimwona kwa pembe ya jicho, akajilazimisha asigeuke. Wiki ya tatu, usingizi ulimzidi nguvu katikati ya kitabu, kama ulivyomzidi mara nyingi, kidevu kikaanguka kifuani. Alipozinduka, kidole kimoja kidogo kilikuwa juu ya ukurasa, juu ya lile vazi refu, na mwenye kidole alikuwa amejisogeza mbali kadiri mkono wake ulivyoweza kunyooka. Alipoona macho yamefunguka, akakimbia. Télesphore alikwenda kazini siku ile akitabasamu peke yake njiani, mpaka mwanamke mmoja muuza makala, yaani mkaa, akamuuliza kama amelewa.

Ilifika mwezi wa kumi na moja, na mvua zake. Siku moja aliamka saa tisa akadhani amepitiliza. Nyumba ilikuwa nyeusi. Noëlla ameshashuka na sambaza wake, akiwa na mwavuli, na juu ya mtaa wa Kadutu mawingu yameshuka mpaka unaweza kuyagusa na fagio. Kabla ya saa kumi ikaanguka mvua, si mvua ya kuulizana habari, mvua ya kupiga manjanja mpaka watu wa chumba kimoja wasisikiane. Giza likawa giza. Maman Adélaïde aliingia akikimbia, kitambaa kimelowa, akawasha mshumaa, akasimama mlangoni anatazama banda lake la kuku watatu.

"Zimeingia," akasema.

"Nini, maman?"

"Kuku. Zimepanda kulala. Zote tatu." Akageuka, na uso wake ulikuwa na mambo mawili, ubishi na kitu kingine kama kumhurumia mtu. "Kwetu ilikuwa hivi: kuku zikisha kulala, ni usiku. Mama yangu hakuvaaka saa. Sema mugani yako, Télesphore. Mi sikukataze tena."

Ee bwana. Mwanamume yule alikuwa ameomba ruhusa hiyo kimoyomoyo wiki zote zile, na sasa amepewa. Akakaa kitandani na kitabu. Josué akapanda mara moja. Fabiola akaja akasimama magotini pa baba yake, karibu kuliko siku zote, kwa sababu ya radi labda. Télesphore akaanza, sauti imekwaruza, kwa kupigana na mvua.

"Kulikuwa mama moja. Batoto yake yote ilikuwa inalala. Ye peke yake usingizi ilimukatala..."

"Aka!"

Wote wakageuka. Ilikuwa Fabiola. Neno la kwanza alilowahi kumwambia baba yake bila kuulizwa kitu, na lilikuwa la kumkatalia.

"Aka! Haiko mama," akasema, akaweka kidole juu ya lile vazi refu. "Ni papa."

"Papa gani, Fabi?"

"Papa. Iko na koti."

Télesphore alitazama picha, akatazama msumari wa mlangoni lilikoning'inia koti lake la kazi, refu, lile linalomfika visigino. Wiki zote hizo alikuwa ameona mwanamke. Haikumpitia akilini hata mara moja.

"Na papa anafanya nini?" akauliza polepole.

"Anatembea. Batu yote banalala. Ye halalake." Alifunua mwenyewe ukurasa mpaka kwenye yule yatima, akashika tama kama walivyozoea, kisha akaeleza, kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. "Huyu haina papa. Haina mama. Iko peke yake mu kitanda. Njo papa anaendaka kumuchunga. Sisi tuko na koko."

"Anasemaka vile kila siku," Josué akaingilia. "Tukisha lala, anauliza koko: papa alishafika kwa ule mutoto? Koko anasema alishafika. Njo anafunga macho."

Télesphore akamtazama mama yake. Maman Adélaïde alikuwa amegeuza uso, anakwangua nta ya mshumaa isiyohitaji kukwanguliwa. Ndiyo kusema usiku wote huo, wakati yeye amesimama Nguba mbele ya lango la watu, akidhani kwamba nyumbani yeye ni pazia tu, kulikuwa na mtoto hapa Cimpunda asiyeweza kulala mpaka aambiwe papa amefika.

Fabiola alikuwa anafikiri. Alitazama giza la mlangoni, akamtazama koko, akamtazama baba yake.

"Kuku zimelala. Iko usiku," akasema. "Na weye uko hapa. Leo nani iko na ule mutoto?"

"Patrice," akajibu Télesphore. Na ni kweli, saa ile Patrice ndiye aliyekuwa langoni. "Patrice iko naye."

"Patrice anajuaka kuchunga?"

"Anajua sana."

Akalipima jibu hilo. Likamtosha.

"Basi lala, papa."

Akapanda kitandani mwenyewe, magoti kwanza. Hakuitwa na mtu, bombo hakuna. Akamsukuma baba yake paji la uso kwa kiganja, kama koko anavyowalaza wao, akageuka, akalala chini, mgongo wake mdogo umegusa tumbo la baba. Télesphore hakupumua. Josué naye akajitupa miguuni. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Koti linaning'inia, Nguba iko mbali, na kwenye kazi ile mlinzi wa usiku akichelewa, wa mchana hatoki. Alijua yote hayo. Akajiambia: dakika tano. Mtoto ashikwe na usingizi kwanza, dakika tano tu.

Usingizi uliomshika ulikuwa wa miaka mitatu na nusu. Haukuwa ule wa mchana wa kusikia misumari. Ulimbeba mzimamzima, na mkono wake juu ya mtoto.

Alipofumbua macho, mvua ilikuwa imekatika. Jua limetoka chini ya mawingu, lile jua lililooshwa, limeingia mlangoni mpaka ukutani, na maji yanadondoka kwenye manjanja tone kwa tone. Saa ya simu ilisema saa kumi na moja na robo. Simu ileile ilikuwa na miito sita ya Patrice.

"Maman!" akanong'ona kwa hasira. "Ju ya nini haukuniamusha?"

"Ningemuamusha nani?" mama akanong'ona vilevile kutoka kwenye jiko la makala. "Mulikuwa mumelala."

Angejibu, lakini ule mgongo mdogo ukajinyoosha. Fabiola akakaa, nywele upande mmoja, akasugua macho. Akalitazama jua la ukutani muda mrefu. Akamtazama baba yake, amelala palepale alipomwacha. Mtoto huyu, mchana wake wote hakulala kitanda kimoja na mtu yule, na usiku hakumwona kamwe. Sasa amelala kukiwa giza, ameamka kukiwa na mwanga, na papa bado yupo. Uso wote ukafunguka.

"Papa, kumekucha," akasema. "Bonjour, papa."

Josué akafungua kinywa kusema kwamba bado ni jioni. Maman Adélaïde akamfinya mguu, akamfinya kwelikweli, mpaka kinywa kikajifunga. Mwanamke yule aliyekuwa hakubali hata nusu ya hadithi juani, ambaye kwake mchana ni mchana na usiku ni usiku na asivichanganye mtu, akaweka maji ya chai juu ya jiko, akatoa mkate wa kesho, na kusema kwa sauti ya asubuhi kabisa:

"Batoto, kuyeni munawe mikono. Fabiola, salimia papa yako muzuri."

"Ulilala muzuri, papa?"

"Nililala muzuri," akasema Télesphore, na hakusema uwongo. "Na weye, Fabi?"

"Nililala. Ulikuwa unakoroma." Akacheka kwa nguvu, ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyemwambia shiii.

Alikunywa chai nusu kikombe akiwa amesimama. Simu ikalia tena, akaizima. Akavaa buti, akavaa koti. Fabiola alimtazama akilifunga kifungo kwa kifungo na hakurudi nyuma ukutani. Alimfuata mpaka kizingitini, mkate mkononi, miguu mitupu kwenye udongo baridi.

"Unaenda kazi?"

"Ndiyo, mama yangu."

Hapo alimtazama kama wanavyotazamwa baba wa Liliane na baba wa Chantal, wale wa nyumba za jirani, wanaotoka kila asubuhi na ambao watoto wao huwakimbilia njiani jua likizama.

"Utarudia mangaribi?"

Mbele yake jua lilikuwa limebakiza vidole viwili kugusa kilima. Mangaribi ilikuwa imeshafika, ilikuwa imesimama hapo uani pamoja nao. Télesphore alimtazama mama yake, na mama yake safari hii hakuwa na ulimi. Akainama, akamshika mtoto kichwani, na mtoto hakukakamaa.

"Nitarudia," akasema.

Akashuka njia kwa haraka, nusu akikimbia, kwenye matope. Ilikuwa saa ya watu kurudi. Baba Liliane alikuwa anapanda na jembe begani, nyuma yake fundi wa baiskeli, nyuma yao walimu wawili na vijana wa machimbo ya mchanga, wote wanaelekea nyumbani, wote wanamsalimia akipita. Naye aliwapisha mmoja mmoja pembezoni mwa njia, hakujibu hata mmoja, kwa sababu kila alipofungua kinywa alisikia kwamba atalia.